Mtafiti kijana wa Kigoma na gharama ya kusikika

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa mji kama Kigoma, ambako dagaa na migebuka ndio ada ya shule, kodi ya nyumba na kitoweo cha jioni, miezi mitatu si mchezo. Pale mwaloni Kibirizi watu walikuwa na swali la haki kabisa: nani kapima, kapimia wapi, na kaona nini?

Majibu yapo, na mengine ni ya siku nyingi. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha makala ya Catherine O'Reilly na wenzake wanne iliyoonyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto, upepo umepungua, na virutubisho vilivyoko kilindini havipandi tena juu kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea vidogo vinavyolisha ziwa zima umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Waandishi wote watano walikuwa wa taasisi za Marekani na Ulaya. Mwaka 2007 Watanzania wawili, Ismael Kimirei na Yunus Mgaya, walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi hali ya mazingira inavyobadilisha upatikanaji wa dagaa hapahapa eneo la Kigoma. Kazi zote hizo ziko kwa Kiingereza, ndani ya majarida ambayo mvuvi wa Kibirizi hajawahi kuyasikia wala hana sababu ya kuyatafuta.

Kati ya jarida na mwalo kuna mtu mmoja anayeweza kwenda pande zote mbili, naye ni mtafiti kijana. Mkoa huu unao wa kutosha. Wapo katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI, wapo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kwenye michikichi, wapo Gombe ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, wapo wanaofuatilia afya na elimu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wapo pia walimu na maofisa wa halmashauri wenye shahada ya uzamili ambao data zao zimelala kwenye flashi. Na sasa Chuo Kikuu cha Muhimbili wanajenga kampasi Kigoma kwa fedha za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, kwa hiyo idadi itaongezeka.

Ninachokiona, kwa kukaa na vijana hawa na kuwasaidia kupitia rasimu zao, ni kwamba uwezo wa kuandika wanao. Kinachowakwamisha ni jinsi kazi yao inavyohesabiwa, na mzigo wa gharama ambao taasisi zimewaachia waubebe peke yao.

Tuanze na kusoma, maana hapo hali imekuwa nzuri kweli. Miaka 20 iliyopita mwanafunzi wa Kigoma aliyetaka makala moja kutoka nje alimwandikia mwandishi barua pepe na kusubiri, au aliagizia kwa rafiki aliyeko Dar. Leo makala nyingi ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Mpango wa Research4Life, ulioanza na HINARI mwaka 2002 kwa upande wa afya na kufuatiwa na AGORA mwaka 2003 kwa upande wa kilimo, unazipa taasisi za nchi kama yetu majarida mengi bure. AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, imeyaweka majarida yetu mahali ambapo yanaonekana. Kuna tatizo moja tu kubwa: Research4Life hupitia kwenye taasisi iliyojisajili. Kijana akishamaliza masomo na kuajiriwa halmashauri ya Uvinza au Kakonko, nywila yake ya chuo inakufa. Anabaki nje ya maktaba wakati ule ule ambapo ana data mpya mikononi. Hili linaweza kutatuliwa kwa ofisi ya mkoa au maktaba ya umma kuomba usajili na kumteua mtu mmoja wa kuusimamia.

Kuandika ndiko kwenye kazi. Wakati mlango wa wasomaji ulipofunguliwa, gharama ilihamishiwa kwa mwandishi. Zamani maktaba ililipa ili watu wasome. Sasa, kwa majarida mengi, mwandishi analipa ili watu wasome bure. Nature ilipoanza utaratibu huo mwaka 2021 ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja, yaani zaidi ya shilingi milioni 25. Hiyo ni ya juu kupita kiasi, lakini dola 1,500 hadi 3,000 ni bei utakayoikuta kwa majarida mengi ya kawaida. Kwa mhadhiri msaidizi hizo ni shilingi milioni nne hadi karibu nane, na hajaanza kuhesabu mafuta ya boti, posho ya msaidizi wa utafiti wala chupa za kuhifadhia sampuli.

Utaambiwa kuna msamaha wa ada, na ni kweli upo. Ila ukiufuatilia kwa karibu utaona jinsi unavyomchanganya mtu. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha chini na kuiweka kwenye kipato cha kati cha chini. Ilikuwa habari njema, na tuliifurahia. Kwa mtafiti ilikuwa na upande wa pili. Wachapishaji wanaofuata orodha ya Benki ya Dunia, Springer Nature wakiwemo kupitia majarida yao ya BMC, kwa kanuni za miaka hiyo walisamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini na nusu tu kwa kundi tulilohamia. Elsevier wao wanafuata makundi ya Research4Life, ambako Tanzania iko kundi A, kwa hiyo kwenye majarida yao yaliyo wazi kabisa msamaha ni kamili. Kisha Januari 2023 Springer Nature wakatangaza kwamba waandishi wa makundi yote mawili ya nchi wangechapisha bure kwa njia ya wazi katika Nature na majarida ndugu yake. Matokeo yake ni kwamba mtafiti wa Kigoma angeweza kusamehewa kila kitu kwenye jarida gumu kuliko yote duniani, na akadaiwa nusu kwenye jarida la kawaida la afya ya jamii ambalo ndilo lingemfaa.

Kanuni hizi hazifundishwi popote. Kijana anazijua baada ya makala kukubaliwa, anapotumiwa ankara. Majarida mengi yanataka ombi la msamaha litolewe wakati wa kuwasilisha rasimu. Ukingoja barua ya kukubaliwa umechelewa. Tena msamaha mara nyingi humtazama mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida na wasomaji, na kwa wachapishaji wengine huwatazama waandishi wote. Ukiwa na mwenzako wa Ujerumani kwenye orodha unaweza kuukosa. Basi mwenzako anasema, usijali, chuo changu kitalipa, ila mwandishi wa mawasiliano inabidi niwe mimi. Anasema kwa nia njema kabisa. Lakini jina linaloandikiwa na wasomaji wa dunia nzima, linaloalikwa kwenye mikutano, linaloombwa ushauri kuhusu Ziwa Tanganyika, linakuwa la mtu anayekuja Kigoma likizo ya kiangazi. Aliyeamka saa kumi usiku kupima dagaa anabaki jina la tatu.

Na kupima dagaa ni kazi ya mwili hasa. Mitumbwi inarudi alfajiri, wanunuzi wamejipanga, akina mama wa kuanika wanataka mzigo kabla jua halijapanda, na mtafiti anatakiwa achukue sampuli yake, apime uzito na urefu, aandike aina ya wavu na saa walizokaa majini, yote hayo bila kumchelewesha mtu biashara. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawaendi, kwa sababu mwanga wa mwezi unashindana na taa na dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo daftari la mtafiti lina nafasi tupu kila mwezi. Nimesoma maoni ya mhakiki mmoja wa nje, yaani mtaalamu anayepewa na jarida rasimu aipime kabla haijachapishwa, akimtaka kijana aeleze kwa nini data zake "zina mapengo", akihisi uzembe. Kijana alihitaji aya nzima ya Kiingereza kizuri kueleza jambo ambalo kila mtoto wa Katonga analijua. Aliliandika vizuri na makala ikapita. Wangapi wameandikiwa hivyo wakakata tamaa?

Kiingereza nacho kina gharama yake, na sasa imepimwa. Mwaka 2023 Tatsuya Amano wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanasayansi 908 wa mazingira kutoka nchi nane, Nigeria ikiwemo. Waligundua kwamba ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hukataliwa makala kwa sababu ya lugha mara mbili na nusu hivi zaidi ya wenzao, na huombwa kurekebisha lugha mara 12 na nusu zaidi. Hapo bado muda wanaotumia kusoma na kuandaa mawasilisho.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaowakemea vijana kwa kutumia akili unde kunyoosha Kiingereza chao. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mtafiti asiye na pesa ya kumlipa mhariri wa lugha amepata msaada ambao wenzake wa vyuo tajiri walikuwa nao siku zote kwa njia ya maprofesa na ofisi za uandishi. Mipaka ipo na iko wazi: mwanzoni mwa 2023 majarida kama Nature na Science yalisema mashine haiwezi kuorodheshwa kama mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Ukitumia, sema umetumia. Ukipewa marejeo na mashine, fungua kila moja ulione kwa macho yako, kwa sababu mashine hizi hutunga marejeo yasiyokuwepo kwa ujasiri wa kutisha, na rejeo moja la uongo linatosha kuchafua jina lako miaka mingi. Data zako usizitunge wala usiziache zitungwe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upande wa pili, programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walizijaribu saba kwa insha za wanafunzi wa kigeni zilizoandikwa kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, na kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo za binadamu zilitajwa kuwa za mashine. Kiingereza cha kujifunza darasani, chenye sentensi fupi na msamiati wa kawaida, ndicho kinachoshukiwa. Chuo kinachomhukumu kijana kwa alama ya programu ya aina hiyo kinafanya dhuluma. Kama kuna shaka, mwite mezani, mwambie afungue daftari lake la mwaloni aeleze namba moja moja. Aliyefanya kazi ataeleza.

Sasa matapeli wa uchapishaji. Kila mwenye anwani ya barua pepe kwenye makala iliyochapishwa anazijua barua zao: zinakuita profesa wakati hata uzamivu hujaanza, zinasifia makala yako "ya thamani kubwa", zinaahidi jibu ndani ya wiki moja na ada ya dola 100 au 150. Kijana anayehitaji alama za kupanda daraja mwezi ujao, na ambaye jarida la maana limekaa na rasimu yake mwaka mzima bila neno, anaingia mkenge huku anajua. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliorodhesha majarida ya aina hii kwa miaka kadhaa hadi alipoifunga orodha yake Januari 2017. Orodha ilisaidia, lakini iliwafanya pia watu waone kila jarida la Afrika au Asia ni la kushukiwa, na hilo liliumiza majarida halali yenye tovuti mbovu na wahariri waaminifu.

Tena ukubwa wa jina si kinga. Mwaka 2023 Hindawi, kampuni iliyokuwa imenunuliwa na mchapishaji mkubwa Wiley, iliondoa makala zaidi ya 8,000 baada ya kubainika kwamba mchakato wa uhakiki ulikuwa umechezewa, nyingi zikiwa zimeingia kupitia matoleo maalumu. Hayo yalikuwa majarida yanayolipisha fedha nyingi na yaliyokuwa yakikubalika kwenye kamati za vyeo. Kwa hiyo ninapoulizwa jarida gani salama, namwambia kijana asome makala tatu za mwaka huu katika jarida hilo, kwa makini, kama anavyosoma za kwake. Halafu aangalie wahariri ni akina nani na kama kweli wanalitaja jarida hilo kwenye kurasa zao, kisha aangalie kama liko kwenye DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, au AJOL. Ni kazi ya siku moja, na inamwokoa mtu na majuto ya miaka kumi.

Kuna njia nyingine ambazo vijana wetu wanazitumia kidogo mno. Kuweka rasimu mtandaoni kabla ya uhakiki kulianza kwa wanafizikia na arXiv mwaka 1991, wanabaiolojia wakafuata na bioRxiv mwaka 2013, wa tiba na medRxiv mwaka 2019. Ni bure, na tarehe inabaki kama ushahidi kwamba wazo lilikuwa lako kabla mwenzako tajiri hajalitoa. Majarida mengi ya sayansi yanaruhusu, ingawa lazima usome kanuni zao kwanza. Na jisajili ORCID upate namba ya utambulisho wa mtafiti, ni dakika tano. Kwa majina yetu matatu yanayoandikwa kila mara kwa mpangilio tofauti, namba hiyo inaziweka kazi zako zote pamoja.

Mtu anaweza kusema vijana wa Kigoma waache tu kuyakimbilia majarida makubwa, wachapishe nyumbani. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Utafiti ulioitwa Harbingers, ulioongozwa na David Nicholas wa kikundi cha utafiti cha CIBER cha Uingereza kuanzia mwaka 2016, uliwafuatilia watafiti wachanga 116 wa nchi saba, Uingereza, Marekani na Uchina zikiwemo. Walikutwa wanapenda uwazi, wanapenda kushirikiana, wanapenda kuzungumza na umma. Lakini ilipofika kuchagua pa kuchapisha, walirudi kwenye majarida yenye jina, kwa sababu ajira na vyeo vinatoka huko. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa katika zile saba, ila matokeo yale ukiyasoma ukiwa Bangwe unaona kabisa yanakuhusu. Kama kijana wa London mwenye maktaba na mshahara hathubutu kwenda kinyume na kamati ya vyeo, wa Kigoma atathubutuje?

Serikali yetu yenyewe imetia mkazo huko huko. Wizara ya Elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda ilianzisha tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya juu kimataifa. Nia yake ninaiheshimu, kwa sababu ni mara chache mtafiti wa nchi hii kuambiwa hadharani kwamba kazi yake ina thamani. Lakini angalia inampa nani fedha, na lini. Inampa aliyekwisha kufika, ambaye mara nyingi tayari ana ushirikiano wa nje, maabara na mtu wa kumlipia ada. Kijana wa TAFIRI mwenye data nzuri za miaka miwili na deni la ankara haimgusi.

Fedha ya tuzo moja kama hiyo, kwa ada ya wastani ya shilingi milioni tano, ingelipia makala kumi za watafiti wachanga wa mikoani. Ningependa kuona mfuko wa namna hiyo pale Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wenye masharti mawili. La kwanza, fedha ilipwe moja kwa moja kwa jarida lililokaguliwa, na mwandishi wa kwanza na wa mawasiliano awe mtafiti huyo mchanga. La pili, kabla ya malipo, mtafiti awe amerudisha matokeo kwa waliompa data: kurasa mbili za Kiswahili zenye namba zile zile zilizoko kwenye makala, na mkutano mmoja na wavuvi, wakulima au wagonjwa aliowachunguza, wenye muhtasari uliosainiwa na kiongozi wa mwalo au kijiji.

Na kurasa hizo mbili zipewe alama kwenye kamati ya vyeo. Chache, sawa, lakini zihesabiwe. Nimesikia wahadhiri wakisema hilo litashusha kiwango, kwamba maandishi ya Kiswahili kwa wavuvi ni siasa na si taaluma. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumweleza mvuvi mwenye uzoefu wa miaka 30 kwamba dagaa wamepungua kwa sababu ya joto la maji, pamoja na wingi wa nyavu, ni mtihani mgumu kuliko wahakiki wawili wasiojulikana majina, kwa kuwa mvuvi atauliza maswali papo kwa papo na hakuna miezi sita ya kuandaa majibu. Wengine wakirudi kutoka mkutano wa namna hiyo wanabadilisha uchambuzi wao, kwa sababu wameambiwa kitu ambacho data haikuonyesha: kwamba mwaka fulani boti zilihamia upande wa Kalya, au kwamba nyavu zilibadilishwa macho katikati ya msimu.

Majarida ya nyumbani nayo yanahitaji kusukumwa kwa vitendo. Tanzania Journal of Science ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tanzania Journal of Health Research ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yapo, yanasomeka, na yanachukua kazi za mikoani. Yanachohitaji ni wahakiki wanaojibu kwa wakati. Maprofesa wetu wengi wanahakiki bure kwa wachapishaji wa Ulaya wenye faida kubwa, na rasimu ya mwanafunzi wa Tabora kuhusu miombo inakaa miezi minane haijaguswa. Kamati ya vyeo inayodai makala kwa mhadhiri inaweza pia kumuuliza, kwenye fomu ile ile, amehakiki rasimu ngapi za majarida ya ndani mwaka huu na alichukua muda gani kuzirudisha.

Kampasi ya Muhimbili ikifungua milango hapa Kigoma itakuwa na kanuni zake za kuandika upya au kunakili kutoka makao makuu. Naomba wanaozipanga sasa waweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza mkutubi mmoja anayezijua kanuni za msamaha wa ada za kila mchapishaji, atakayekaa na mtafiti siku anapowasilisha rasimu, kabla ankara haijafika.